Linda duka lako na wezi wa usiku: mwongozo kwa sisi wa Malindi

Ukitaka kujua duka lako liko salama kiasi gani usisimame mbele ya mlango. Zunguka nyuma, nenda kwa ule uchochoro wa choo na mapipa ya maji, angalia ukuta, angalia kile kidirisha cha stoo, alafu inua macho uangalie mabati. Mie kazi yangu ni kuchomelea vyuma, milango, grili, shata, na wateja wengi huniita asubuhi mambo yashaharibika, na ninachokuta mara nyingi ni hiki: mwenye duka alitia pesa zake zote kwa mlango wa mbele, mlango umesimama pale hauna hata mkwaruzo, na mwizi kaingilia juu ama nyuma. Kwa hivyo huu mwongozo naupanga kwa kuanzia kule ambako watu hawaangalii, mlango tutaufikia baadae.

Jambo la kushika kabla hatujaanza ni kwamba mwizi wa duka anahesabu vitu viwili, muda na kelele. Kila shilingi utakayotoa jiulize, hii itamchelewesha? Hii itampigisha kelele? Kama jibu ni hapana kwa yote mawili basi hiyo ni mapambo, nunua stoku.

Hatua ya 1: Zunguka duka lako usiku

Mchana hutaona kitu. Nenda saa tatu saa nne usiku watu washapungua, simama kila upande uangalie taa haifiki wapi, mtu anaweza kuchutama wapi bila kuonekana na wapita njia. Alafu tafuta vya kupandia. Pipa, stendi ya tangi, mti wa mwarobaini uliotupa tawi juu ya paa, kreti za soda zilizopangwa nje, ile mashine ya ac iliyofungwa ukutani, ngazi ya fundi rangi aliyoiacha wiki ile akasema atairudia. Vyote hivyo ni ngazi. Ondoa vinavyoondoka, tawi likatwe, na kile kisichoondoka kizungushie waya wa miba.

Angalia pia majirani. Duka lililo tupu ubavuni mwako ni hatari kuliko watu wanavyodhania, manake mwizi akiingia mle anakuwa na usiku mzima wa kutoboa ukuta wa kati akiwa amejificha, hakuna anayemuona. Ukiona jirani kahama muulize mwenye nyumba ni nani ana ufunguo na mwambie apafunge vizuri.

Na hii ya dari ndo kubwa, soma polepole. Maduka mengi huku kwetu ni ya safu, mmejengewa vyumba vitano sita chini ya paa moja, na ukuta wa kugawa chumba na chumba unaishia pale pale kwenye dari, juu ya dari ni wazi mpaka mwisho. Mwizi akiingia kwa kinyozi anatambaa juu ya mbao anashukia kwako. Panda wewe mwenyewe na tochi uangalie. Kama ukuta haujafika mabati, mwambie mwenye nyumba aumalizie kwa mawe, na akikataa jichangisheni wapangaji mzibe kwa wavu wa chuma ule mzito, gharama yake mkigawana haitamuumiza mtu.

Hatua ya 2: Paa

Mabati tunayoezekea ni membamba. Geji 30, geji 32, na kumbuka namba ya geji ikipanda bati linapungua unene, watu wengi wanadhani ni kinyume. Bati la namna hiyo linakatwa na mkasi wa bati, ama mwizi hakati kabisa, anang'oa misumari na nyundo na anainua, na siku za masika mvua ikishuka kwa nguvu usiku hata wewe ungekuwa umelala mle ndani husikii kitu. Ndo maana mvua kubwa ya usiku ni wakati wa kuamka na kuchungulia kama unaishi karibu.

Dawa yake ni wavu wa chuma wa kuchomelea, ule wa miraba, utandazwe chini ya mabati ukifungwa kwenye mbao za paa kwa skrubu na washa pana (vile vibati vya duara vya kuwekwa chini ya kichwa cha skrubu), misumari ya kupinda haitoshi. Mwizi akishatoa bati anakutana na wavu, na hapo aidha akate waya mmoja mmoja akiwa juu ya paa anaonekana, ama ashuke aende zake. Kama huna pesa ya paa zima anza na sehemu ya stoo na sehemu iliyo juu ya kaunta. Misumari ya mabati ya ukingoni badilisha uweke skrubu, ni kazi ya nusu siku.

Wenye makuti nawaambia ukweli, paa la makuti haliwezi kuzuia mtu, na siwezi kukudanganya kwamba kuna chuma cha kulifanya lizuie. Unachofanya ni kujenga chumba ndani ya chumba. Kona moja, ukuta wa mawe, juu zege, mlango wa chuma, na kila kitu cha thamani kilale humo. Mikahawa mingi ya barabara ya Lamu hapa Malindi na kule Casuarina imejengwa kwa makuti, na kilicho salama ni kile kilichofungiwa kwa ukuta.

Na nyinyi wa Lamu mjini, nyumba zenu kuta ni nene mashallah, ila mapaa yameshikana na kuna wikio, yaani kile chumba cha daraja kinachounganisha nyumba mbili, linalovuka juu ya njia, mtu mwepesi anatoka nyumba moja mpaka ya tano hajakanyaga chini. Mlango wa ngazi ya paani uchukulieni kama mlango wa barabarani, komeo juu na komeo chini. Alafu mji wenu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo kabla hujang'oa mlango wa zamani uweke shata ya chuma pitia kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa uulize unachoruhusiwa, usije ukapoteza pesa mara mbili.

Hatua ya 3: Ukuta na madirisha

Mawe yetu ya matumbawe ni mazuri kwa joto lakini ni laini, patasi inayala. Shida kubwa inakuja kwa grili. Fundi mwenye haraka anakuja na grili imeshachomelewa, anatoboa ukuta anatia plagi za plastiki, anakaza skrubu nne, anapaka rangi, unalipa. Mtarimbo mmoja na grili yote inang'oka nzima kama ilivyo, na skrubu zake. Grili ya kweli ina miguu, vipande vya chuma vilivyochomelewa ubavuni na ncha zake zimepasuliwa ama kupindwa, vinazikwa ndani ya ukuta na simenti, vitatu kila upande kwa dirisha la kawaida. Mwambie fundi unataka miguu, na usimalize kumlipa mpaka uione ikizikwa.

Nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10, na lazima kuwe na vyuma vya kulala vinavyokatiza vya kusimama, manake kuna wanaokuja na jeki ya gari wanaichomeka katikati wanapiga mpini, vyuma vya kusimama pekee vinatanuka kama mdomo. Tumia nondo ama chuma kilichojaa. Bomba la mraba lenye uwazi ndani linapendeza lakini msumeno unalimaliza haraka sana, na hapa pwani linaoza kutoka ndani huku nje rangi iko sawa.

Kioski cha mabati ni habari nyingine. Hicho ukikipamba kufuli kumi mtu anakata ubavuni kama kopo. Kama biashara yako iko kwa kioski usilaze mali ndani, basi, beba uende nayo ama ukodi kona ya stoo ya mtu uliyemuamini.

Hatua ya 4: Mlango na kufuli

Sasa mlango. Bati la mlango liwe geji 16, ukipewa 18 ujue ni jembamba zaidi na bei ishuke. Fremu nayo iwe na miguu ndani ya ukuta kama grili. Bawaba zikikaa nje mwizi anakata pini, anautoa mlango kwa upande wa bawaba na kufuli yako imening'inia pale haina habari. Kwa hivyo pini zichomelewe, na upande wa ndani karibu na kila bawaba chomelea kipande kifupi cha nondo kwenye mlango, na kwenye fremu toboa tundu lake, ukifunga mlango kile kinondo kinaingia kwenye tundu. Hata bawaba zote zikikatwa mlango hautoki. Hii kazi ni ndogo sana, fundi yeyote anaiweza, na kwa maoni yangu ndo pesa inayolipa kuliko zote kwenye mlango.

Kufuli. Hapa watu wanaibiwa mara mbili, kwanza dukani wanaponunua. Kufuli za bei rahisi zinatengenezwa nyingi kwa ufunguo mmoja. Ukienda kununua muombe muuzaji akutolee tatu nne za boksi moja, jaribu ufunguo wa hii kwa ile, zikifunguana ziache hapo hapo. Shingo ya kufuli iwe nene, milimita 10 kwenda juu, na iwe chuma kigumu, mara nyingi imeandikwa juu yake. Ila siku hizi wezi wana greinda za betri, na greinda haiogopi unene, kwa hivyo kilicho muhimu ni shingo isifikike. Mwambie fundi akuchomelee kiboksi cha chuma kinene, kufuli inaingia kwa chini, mkono wa mwenye ufunguo unapita, lakini mkasi mkubwa ama diski ya greinda haipati pa kushika. Itamlazimu akate boksi zima, na ile kelele na zile cheche saa nane usiku mtaa mzima wa Maweni utaamka.

Tumia kufuli mbili, moja juu moja chini, za aina tofauti. Shata ya kukunja inataka kufuli pande zote mbili chini, sio ile ya katikati peke yake, manake katikati ikikatwa shata inasukumwa juu kwa goti.

Alafu kuna adui wetu sisi wa baharini, chumvi. Kufuli ya chuma tupu ukiinunua leo baada ya miezi michache inakwama, unaanza kuiacha nusu wazi sababu "inasumbua", ama unaibadilisha na yoyote uliyoiona karibu. Chukua yenye mwili wa shaba na shingo isiyoshika kutu. Kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi ukipigilie juu yake kiwe kama pazia, kinazuia mvua na ule upepo wa chumvi wa kusi. Ndani ya tundu la ufunguo usitie mafuta ya kupikia, yanashika mchanga yanakuwa tope, chonga risasi ya penseli uipulizie ule unga, ama tumia mafuta mepesi ya cherehani kidogo kila baada ya wiki kadhaa. Na kila unapotia, pitisha kidole kwenye mishono ya kuchomelea ya mlango, ukiona rangi imevimba hapo chini kuna kutu inakula, kwangua, paka rangi ya kuzuia kutu, fundi arudie mshono kama umeliwa sana.

Kuna mambo mawili hapa nayasema kwa uzito wote. La kwanza, usimfungie mtu ndani. Kuna wenye maduka wanamlaza kijana ndani ya duka kama mlinzi, wanafunga kwa nje, wanaenda na ufunguo. Moto ukitokea, hitilafu ya stima ama mtungi wa gesi, huyo mtoto wa watu anakufa ukimsikia na grili hiyo hiyo uliyoweka ya kuzuia mwizi ndo itamzuia yeye. Akilala mtu ndani lazima awe anaweza kujifungulia mwenyewe, gizani, na awe na njia ya pili. La pili, usiunganishe stima kwenye mlango ama dirisha. Atakayeshika anaweza kuwa mtoto anayefuata mpira, anaweza kuwa mwanao, na sheria itakushika wewe.

Hatua ya 5: Taa, alamu, kamera

Taa kwanza, ndo rahisi na ndo inayofanya kazi kubwa. Weka taa ya sola yenye sensa nyuma ya duka, ile inayowaka mtu akipita, ifungwe juu asipoifikia mkono. Sola kwa sababu stima yetu inapotea, na mtaa ukiwa giza ndo wakati unapoihitaji. Futa kioo chake mara kwa mara, vumbi na chumvi vinaifanya isichaji vizuri.

Alamu za laini ya simu siku hizi zinapatikana, mtu akiingia king'ora kinalia na wewe unapigiwa. Hakikisha ina betri ndani, king'ora kiwe juu sana ama ndani ya kibanda cha chuma, na laini uiwekee kredo na uitumie mara moja moja, laini iliyolala muda mrefu hukatwa na hutajua mpaka siku hiyo. Ijaribu kila mwezi. Na kabla hujasema "hii alamu mbovu inalia ovyo", angalia kama mjusi kafiri anatembea juu ya sensa, mijusi yetu na paka ndo wanafanya watu wanazima alamu, na alamu iliyozimwa haina maana.

Kamera ni nzuri lakini haizuii mtu kuingia, inakusaidia baadae. Ile mashine ya kurekodi isikae kaunta, mwizi anaondoka nayo, ifiche darini ama stoo ndani ya kiboksi kilichofungwa. Kamera moja iwe ya kushika uso mlangoni kwa urefu wa macho, manake zile za juu kabisa zinarekodi kofia tu. Rekebisha saa na tarehe, ushahidi wenye tarehe ya uongo unaleta maswali kituoni. Ondoa utando wa buibui mbele ya lenzi, usiku unang'aa mweupe picha yote haionekani. Na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hivyo bandika kibao kwamba kuna kamera, na usiielekeze nyumbani kwa jirani.

Hatua ya 6: Pesa zisilale

Duka lisilale na pesa, hata za chenji. Ukifunga toa droo ya pesa uiache wazi, tupu, juu ya kaunta, mtu akimulika dirishani aone hakuna kitu. Wateja wakilipa kwa till pesa ziko kwa simu, hilo limetusaidia sana, ila zile za mkononi peleka benki ama kwa wakala, na usiende kila siku saa ile ile njia ile ile na mfuko ule ule.

Mawakala wa M-Pesa, simu ya kazi isilale dukani, na PIN isiandikwe kwenye kitabu wala nyuma ya simu. Nshaona imeandikwa ukutani kwa kalamu karibu na swichi. Bidhaa ndogo za bei kubwa, simu, kadi za memori, dawa, vipodozi vya bei, hizo ziwe kwa kasha la chuma lililofungwa kwenye sakafu ya zege kwa bolti kutoka ndani. Kasha lisilofungwa chini linabebwa na watu wawili na tuktuk.

Hatua ya 7: Watu

Hapa ndo pagumu, na ndo penye kinga ya kweli.

Funguo ziwe na orodha, nani anayo ipi. Mfanyikazi akiondoka, hata kama mmeagana kwa heri na ulimpa nauli, badilisha kufuli siku hiyo hiyo. Sio kumdhania mtu vibaya, ufunguo unanakiliwa kwa dakika chache, na anaweza kuupoteza ama ukachukuliwa na mwingine aliyekaa naye. Ukiajiri, omba kitambulisho, namba ya mtu wa kwao anayemjua, na cheti cha tabia njema cha polisi, kinaombwa kupitia eCitizen. Na mlipe kwa wakati, ndugu yangu. Mtu anayedai mishahara mitatu anajua kila kitu cha duka lako na hana cha kumzuia kusema akiwa barazani.

Soja wa usiku mnaweza kumchangia maduka sita saba, mkamlipa vizuri kuliko kila mmoja kumpa kidogo wa kwake. Mpeni koti la mvua, tochi, filimbi, simu yenye kredo, chai. Mzee wa miaka sabini analala kwenye kadibodi kwa shilingi za huruma hamjaweka mlinzi, mmemweka mzee wa watu hatarini. Ikiwa ni kampuni, walinzi wanatakiwa wawe wamesajiliwa chini ya sheria ya walinzi wa kibinafsi ya 2016, ulizeni.

Sasa fikiria nani yuko macho mtaani saa tisa usiku. Mama wa mahamri ashawasha jiko. Vijana wa tanuri la mikate. Wavuvi wanaoteremka baharini. Muadhini anayeenda kufungua msikiti. Vijana wa boda pale stendi. Hawa ndo kamera za Malindi, na wengi wao hawana namba yako. Wapelekee. Mwambie yule mama, "Mama, ukisikia nyundo ama mashine upande wa dukani kwangu nipigie, hata kama ni mara mia bure." Nunua mahamri kwake. Salimia. Mtu anayekujua kwa jina lako ataamka kwa ajili yako, asiyekujua atavuta shuka. Na kundi la WhatsApp la wenye maduka mlifungue, liwe la jambo hili tu, mkianza kutumiana video za mpira na salamu za Ijumaa watu watalinyamazisha na siku ya kilio hakuna atakayesikia. Mzee wa mtaa na watu wa nyumba kumi wawemo.

Hatua ya 8: Jua siku mbaya

Mwezi wa Ramadhani baada ya kufuturu watu wako tarawehe, mitaa ya Shela na Barani hapa Malindi inakuwa kimya kwa saa nzima, na duka umelirudishia mlango tu sababu "narudi saa hii". Funga kamili. Wakristo wetu nao mkesha wa Krismasi na wa mwaka mpya ni vivyo hivyo. Mkesha wa Idi stoku imejaa na pesa iko. Alafu baada ya Pasaka wageni wakiondoka, mahoteli yakifunga, vijana wengi wanakaa bila kazi, na maduka ya barabara ya Lamu yanabaki na walinzi wachache, ndo hapo mvua nazo zinaanza. Ukienda kwenu mazishini ama harusini usiandike kwa status kwamba umefunga wiki nzima, na umuombe jirani afungue akufagilie mbele.

Hatua ya 9: Rekodi na bima

Piga picha kila rafu. Andika namba za mashine zote. Simu unazouza, bonyeza *#06# uandike IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, ya kila moja kabla haijaingia kwenye kabati, na nakala ya hiyo orodha iwe kwa barua pepe yako ama kwa simu ya mke wako ama mume wako, manake kitabu kikiwa dukani kinaibiwa pamoja. Risiti za kununulia stoku zitunze.

Bima ya wizi ipo hata kwa duka dogo, ila soma masharti kabla hujatia sahihi. Kawaida wanataka kuona alama za kuvunja, kwa hivyo aliyefungua kwa ufunguo wako huenda usilipwe. Na usitaje thamani ndogo ili ulipe kidogo, ukisema stoku ni ya laki mbili na ni ya laki nne mara nyingi watakulipa nusu ya hasara.

Hatua ya 10: Ikiwa ishatokea

Ukifika ukute mlango umevunjwa usiingie. Wanaweza kuwa bado wamo, na mali yako yote haifiki thamani ya maisha yako. Rudi nyuma, piga 999 ama 112, na piga kituo cha karibu, hiyo namba iwe tayari kwa simu yako. Usiruhusu watu waingie kutazama, usifagie, usishike mlango, piga picha kutoka nje. Kama laini ya kazi imeenda piga 100 kutoka laini nyingine ya Safaricom waifunge, hiyo usingoje polisi.

Kituoni andikisha, upewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na uombe abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha umeripoti, utaihitaji kwa bima. Peleka orodha yako na IMEI. Kosa la kuvunja duka na kuiba liko kwenye kifungu cha 306 cha sheria ya adhabu, ni mpaka miaka 7, na anayepokea mali ya wizi akijua, kifungu cha 322, anaweza kupata mpaka miaka 14. Hiyo ya pili waambie wote unaowajua wanaonunua simu kwa bei ya maajabu.

Najua wapo watakaokushauri usomewe halbadiri, ile dua ya kumlaani mwizi, na wapo watakaokutajia mganga. Dua ni dua na imani ya mtu siigusi. Ila mtu akikutajia jina la jirani yako kwa kutazama maji kwenye sahani, hilo jina usilitamke mtaani. Watu washapigwa, washachomwa moto kwa jina la namna hiyo na baadae ikajulikana hawakuwa wao, na hiyo damu haina wa kukulipia. Ukimshuku mtu mwambie afisa wa upelelezi, mwache afanye kazi yake.

Polisi wakishamaliza kuangalia, ita fundi siku hiyo hiyo. Nasema siku hiyo hiyo manake wezi hurudi, njia washaijua, na wanajua utajaza stoku upya. Tundu lizibwe kwa chuma kabla ya magharibi, sio mbao ya muda, kufuli zote zibadilishwe hata ambazo hazikuguswa, na mtu akae macho hapo usiku ule na wa pili yake. Usipopata pesa ya kazi yote mwambie fundi ukweli akufanyie kwanza lile tundu, mengine mtalipana polepole, mafundi wengi tunakubali.